Shokapu ya Nyuma Kushoto

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ahmada Faki Mzee
Umri: Miaka 47
Mahali pa kuzaliwa: Wete, Pemba
Dini: Mwislamu
Kazi: Fundi wa magari
Makazi: Chumbageni, Tanga
Tarehe na saa: 17 Oktoba 1987, saa 2:40 asubuhi
Anayeandika: Sajenti Ernesti

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Sikuitwa na mtu, nimekuja kwa miguu yangu. Sajenti amenionya kwamba nitakayoyasema yanaweza kunigeukia mwenyewe mahakamani. Nimemjibu ayaandike.

Nazungumzia ajali ya Land Rover ya Ushirika wa Mwambao, iliyotokea tarehe 7 Oktoba 1987 katika barabara ya kutoka Moa kuja mjini. Dereva wake, Safari Mwachande, yuko mahabusu ya kituo hiki kwa kosa la kuendesha kwa uzembe na kusababisha vifo vya watu wawili. Watatu, kama mtoto anahesabiwa. Sijui sheria inahesabuje. Safari hana kosa. Kosa ni langu, na nimekuja nalo, limo ndani ya kikapu hiki nilichokiweka mezani.

Nina miaka ishirini na saba katika ufundi. Miaka ile ya shida, vipuri vilipokwisha madukani hata balbu ya taa ikawa ya kuombana, mimi ndiye niliyeyaweka magari ya mji huu barabarani. Nimechonga bushi kwa mpira wa tairi kuukuu. Nimemfungia mtu pampu ya Bedford kwenye Leyland, akaenda Lushoto akarudi. Kila nilipoletewa kifaa cha gari jingine, mtu akisema hakifai, nilikuwa najibu neno moja, "Itaingia." Basi watu wakaniita hivyo. Ukifika Chumbageni ukimuulizia Ahmada utazungushwa, ukimuulizia Itaingia utaletwa mpaka mlangoni. Nilikuwa nalipenda jina hilo kuliko nililopewa na wazazi wangu, na naomba hilo nalo liandikwe, kwa sababu ndiko haya yalikoanzia.

Mnamo tarehe 28 Septemba 1987, majira ya saa nne asubuhi, Safari alinijia gereji na Land Rover ya Ushirika. Alifuatana na nesi Ruthi, aliyekuwa akihudumia wajawazito huko Moa. Zahanati yao haina gari, kwa hiyo Ushirika huwaazima hilo kuleta wagonjwa mjini. Ruthi alikuwa mwanamke wa Kibondei, mfupi, msema kweli, na kwangu hakuwa na adabu za kubembeleza. Aliniambia:

"Fundi, gari hili linammaliza mgonjwa kabla ya ugonjwa wenyewe. Nina mama anaitwa Mize, damu imeshamtoka mara mbili na siku zake zinakaribia. Wiki ijayo namleta mjini. Simpandishi humu likiruka namna hii."

Niliingia uvunguni nikatazama. Shokapu zote mbili za nyuma zilikuwa zimekufa. Kwa faida ya asiyejua, shokapu ni lile bomba lenye mafuta ndani linalofungwa kati ya chasisi na ekseli inayoshika magurudumu, juu bolti, chini pini, ili springi ikishatikiswa itulie. Hizo za Land Rover mafuta yalikuwa yameshavuja yote. Nilimwambia Ruthi waniachie siku chache nitafute. Safari akaniomba pia mafuta ya breki kidogo ya akiba. Alikuwa ameniomba na mwezi uliotangulia. Nilimwambia sina. Nilikuwa nalo kopo moja zima, nimelificha nyuma ya mashine ya kuchomelea kwa ajili ya siku ya shida.

Mnamo tarehe 3 Oktoba 1987, siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi, alikuja bwana Shamsuddin, mwenye duka la vipuri hapa mjini, na Land Cruiser yake. Sasa vitu vinaingia tena, naye alikuwa amejiletea shokapu mpya. Nilimfungia. Zile za zamani hazikuwa mbovu hata kidogo, akaniachia kama bakshishi. Alipoona nimezitenga karibu na Land Rover ya Ushirika aliichukua moja, akaivuta mpaka mwisho, akaitazama.

Akasema, "Fundi, hii ikivutwa ni fupi. Ya Toyota iende kwa Toyota. Za Land Rover ninazo njiani kutoka Mombasa, siku kumi hazizidi."

Nilimjibu, "Wewe uza, bwana Shamsuddin. Ya uvunguni niachie mimi."

Akacheka, akasema, "Haya, Itaingia," akaondoka zake. Sikumkasirikia, nilimdharau. Niliona huyu mtu wa kaunta, hajapata kulalia mgongo chini ya gari hata siku moja, ananifundisha nini mimi? Siku kumi! Tumekaa miaka kumi tukingoja vitu vilivyo njiani.

Nilipima. Sitaki isemwe kwamba sikupima. Niliisimamisha ya Toyota juu ya benchi, ikiwa imebanwa, ubavu kwa ubavu na ya Land Rover ikiwa imebanwa vilevile, zikalingana kama mapacha. Matundu ya bolti yalipwaya kidogo, nikachonga bushi za mpira wa tairi za kuyajaza. Sikuzivuta. Bwana Shamsuddin alikuwa ameivuta mbele ya macho yangu na bado mimi sikuivuta.

Jambo la pili ni jeki. Jeki yangu kubwa ilikuwa imeazimwa Tongoni kwenye trekta tangu mwezi wa nane. Kwa hiyo sikulinyanyua gari. Nililiweka juu ya shimo la gereji, magurudumu yote manne yako chini, nikafungia kutoka shimoni. Gari likisimama hivyo springi zimebeba uzito na ekseli iko juu, karibu na chasisi. Shokapu inakaa vizuri, ukiitazama unaridhika. Gurudumu likidondoka kwenye shimo la barabarani ndipo ekseli inaposhuka na shokapu inapovutika, na hiyo ya Toyota inafika mwisho wake mapema. Ikishafika mwisho, uzito wote wa ekseli na gurudumu unaning'inia kwenye pini moja ya chini. Laiti jeki ingekuwapo, ekseli ingening'inia mbele ya uso wangu, na pini nisingeweza hata kuichomeka. Ningejua palepale.

Saa kumi alasiri tulilijaribu, mimi na Safari, kwa barabara ya lami mpaka Raskazone na kurudi. Gari lilitulia. Safari alikuwa anacheka peke yake kwenye usukani. Alisema, "Fundi, leo nimekalia kitanda." Nami nilifurahi sana. Nilijiona nimemfanyia jambo la kheri yule mama wa Moa nisiyemjua.

Yaliyotokea njiani tarehe 7 sikuyaona. Nimeyapata kwa Safari siku ileile, na mengine nimesikia yamo katika maelezo ya Tuhfa, dada wa marehemu Mize, ambaye alikuwamo garini na amepona. Waliondoka Moa saa mbili asubuhi. Uchungu ulikuwa umeshamshika Mize. Barabara ile mvua iliichimba, na upande wa kushoto kuna mtaro unaokata njia mara kwa mara. Baada ya mwendo kama wa nusu saa Safari alisikia kitu kinagonga nyuma. Alitaka kusimama. Ruthi alimwambia, "Usisimame, mwanangu, huyu hana muda." Akaendelea. Nani asingeendelea?

Kwenye mteremko wa kushukia korongo, kabla ya kufika Duga, alikanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini. Akapampu, hakuna kitu. Breki ya mkono ya gari lile imekufa zamani, nami nalijua hilo. Alijaribu kurudisha gia ikakataa. Tuhfa amewaambia polisi kwamba gari lilikwenda mbio mteremko mzima na dereva hakufunga breki. Hakusema uongo, hivyo ndivyo ilivyoonekana kwa aliyekaa nyuma. Gari liligonga ukingo wa kalvati likalala ubavu. Ruthi alifia palepale. Mize alifia njiani, na mtoto tumboni mwake.

Siku hiyohiyo, saa nane mchana, karani wa Ushirika alinifuata gereji nikalivute gari. Mimi sina gari la kuvutia. Nilikwenda kwa bwana Shamsuddin, akanipa ufunguo wa Land Cruiser yake bila kuuliza lolote. Nilifika kwenye ajali saa tisa na nusu. Maiti walikuwa wameshachukuliwa. Askari wawili walikuwa wanapima barabara kwa kamba, na Safari amekaa chini, mkono umefungwa kwa shati. Alinieleza kama nilivyosema, kisha akaniambia, "Fundi, wewe unalijua gari hili. Waambie."

Nilizunguka nyuma. Gari lilikuwa limelala, uvungu wote uko wazi. Shokapu ya nyuma kushoto ilikuwa imechomoka pini ya chini, inaning'inia kwa bolti ya juu tu. Kila gari liliporuka, ncha yake ilikuwa inapiga ekseli, na juu ya ekseli ndipo linapopita bomba jembamba la shaba la breki. Lilikuwa limekatika. Mafuta yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye springi. Gari lile lina njia moja tu ya breki, bomba likikatika popote, magurudumu yote manne hayana kitu.

Nilielewa mara moja, kabla hata sijainama. Sikusema. Askari walikuwa upande wa pili. Nilikuwa na spana mfukoni, nikaifungua ile bolti ya juu. Nilihitaji kitu cha kuifunika shokapu, na ndani ya gari kulikuwa na kikapu kimepinduka, nguo zimemwagika. Nikachukua iliyo karibu. Ilikuwa doti ya khanga, mpya, bado haijakatwa. Kwetu mwanamke anapojifungua huandaliwa doti mpya, na nadhani mtoto angepokewa kwa hiyo. Nikaifunga shokapu kwa khanga hiyo. Nikaiweka chini ya kiti cha Land Cruiser ya bwana Shamsuddin.

Askari wakaniambia nilivutie gari gerejini kwangu likangoje mkaguzi wa magari, kwa sababu uwanja wa kituo umejaa. Nikasema sawa. Nilifika Chumbageni saa kumi na mbili na robo jioni, nikaitoa shokapu chini ya kiti kabla ya kurudisha ufunguo.

Mnamo tarehe 9 Oktoba 1987, siku ya Ijumaa, saa sita na nusu mchana, mafundi wenzangu wawili walikwenda kuswali. Mimi niliwaambia nina homa. Nilibaki peke yangu, nikafunga geti. Nilikunja bomba jipya la shaba nikalifunga pahala pa lile lililokatika. Nikatoa lile kopo la mafuta ya breki ambalo Safari aliniomba mara mbili, nikalimimina lote, nikatoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki, gurudumu moja moja, mpaka pedali ikawa ngumu. Nikafungua na shokapu ya kulia, nikarudisha zile mbovu za Land Rover pande zote mbili na kuzipaka matope. Nikafuta mafuta kwenye springi kwa petroli. Waliporudi kutoka msikitini nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. Mmoja akanitazama akasema, "Kweli unaumwa." Ijumaa ile ndiyo ya kwanza kuikosa nikiwa mzima tangu nibaleghe.

Mnamo tarehe 12 Oktoba, Jumatatu, saa tatu asubuhi, mkaguzi alikuja. Alikanyaga pedali, ikashika. Aliinama, akaona shokapu za Land Rover kwenye Land Rover. Akaniuliza, "Fundi, kuna chochote kimeguswa?" Nikasema hapana. Akaandika kwamba breki ni nzima na gari halikuwa na kasoro ya kusababisha ajali. Mkaguzi hakukosea. Aliandika alichokiona, na alichokiona nilikitengeneza mimi.

Nilidhani mambo yataishia kwenye faini. Nilijiambia Safari ni kijana, ana leseni safi, watamsamehe. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kujiambia.

Mnamo tarehe 15 Oktoba, Alhamisi, saa tano asubuhi, alikuja Asmahani, mke wa Safari. Alinisalimu, "Shikamoo mzee." Nikamwambia marahaba, nikampa kigoda. Alikuwa ametoka kumpelekea mumewe chakula hapa kituoni. Alinieleza kwamba siku za mwanzo Safari alikuwa anashikilia kwamba breki alikanyaga na hazikushika. Alipoambiwa mkaguzi amezikuta nzima, aliacha kushikilia hivyo. Sasa amebadilika. Anasema labda alipagawa kwa kelele za yule mama. Anasema labda mguu ulikwenda kwenye klachi. Anakaa kwenye sakafu ya mahabusu anakanyagakanyaga chini kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, anajipima. Jumatatu tarehe 19 anapandishwa mahakamani, na amemwambia mkewe atakiri.

Kisha akaniuliza, "Mzee, wewe ni mtu wa magari. Yawezekana mtu akakanyaga klachi akidhani ni breki?"

Nikamjibu, "Yawezekana."

Naomba Sajenti aliandike neno hilo kama nilivyolisema. Asmahani alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio, akanishukuru. Alisema angalau sasa anajua. Alisema, "Safari kaniagiza nikwambie zile shokapu hazikuwa na mfano, na sisi nyumbani katwambia tusimdhanie vibaya fundi kwa lolote." Akaenda zake. Niliyemwibia mume ndiye aliyeniachia shukrani mlangoni.

Jana Ijumaa nilikwenda msikitini, nikakaa safu ya nyuma, sikusikia hotuba. Nilipotoka nilizunguka kwenye magari mawili mengine niliyoyafungia shokapu kwa kipimo hikihiki, moja la shamba la mkonge na moja la mfanyabiashara wa nazi, nikazifungua na kuwaambia wenyewe wasiyatumie. Kisha nikapita dukani kwa bwana Shamsuddin. Nilimwambia yote. Hakusema "nilikwambia." Afadhali angesema. Alitoka nyuma ya kaunta, akafunga duka saa tisa mchana, akakaa na mimi barazani mpaka adhana ya alasiri. Za Land Rover alizoniahidi zilikuwa zimefika, zimo kwenye boksi, nimeziona.

Nikiulizwa kama kuna mtu aliyenituma au kunisaidia kuficha, najibu hakuna. Bwana Shamsuddin hakujua kilichokuwa chini ya kiti chake. Mafundi wenzangu hawakujua.

Nikiulizwa nina uthibitisho gani, najibu ni huu. Hapa mbele ya Sajenti nimezitoa kikapuni shokapu mbili za Toyota, na moja mbovu ya Land Rover niliyoifungua jana kwenye gari la ajali. Tumezipima kwa rula ya kituo. Zikibanwa zote ni sawa. Zikivutwa, za Toyota zinaishia vidole vinne nyuma ya ile ya Land Rover. Sajenti amezivuta mwenyewe kwa mkono wake. Imechukua muda mfupi kuliko kuvuta sigara. Bomba la breki lililokatika limo pia, na jicho la shokapu ya kushoto, lile tundu la nchani linaloingia pini, lina alama ya shaba pale lilipokuwa linalipiga bomba.

Nikiulizwa kwa nini nimekuja leo na si siku ile, najibu niliogopa, na zaidi ya kuogopa niliona haya. Niliona haya kwa jina langu. Ruthi na Mize siwezi kuwarudisha. Huyu aliye chumba cha pili bado ananyanyua mguu wake hajui upi ni upi, na huyu naweza.

Doti ya khanga naomba wapewe wenyewe, kwa kina Mize huko Moa, kesi ikiisha. Nimejaribu kuifua, mafuta hayakutoka.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa yote tangu mwanzo, nimeyatambua kuwa ni maneno yangu, na chini yake naweka saini yangu.

(Saini) Ahmada Faki Mzee

MAELEZO YA ASKARI

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Ernesti, kama yalivyotoka kinywani mwa mtoaji, nikamaliza saa 5:05 asubuhi. Nimepokea vielelezo: shokapu mbili aina ya Toyota, moja aina ya Land Rover, kipande cha bomba la breki, na khanga doti moja isiyokatwa, yenye madoa ya mafuta. Mtoaji amewekwa chini ya ulinzi. Alikabidhi spana yake bila kuombwa.

Saa 5:20 nilikwenda mahabusu na kumsomea mtuhumiwa Safari Mwachande sehemu inayomhusu. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza hakuuliza habari za kuachiwa wala hakumtaja fundi. Aliniuliza, "Kwa hiyo afande, breki nilikanyaga?" Nilimjibu ndiyo. Akaniuliza mara ya pili, nikamjibu vilevile. Akakaa chini, akaushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili.

(Saini) Sajenti Ernesti
17 Oktoba 1987